Tororo kwa Kufuata Reli: Namna ya Kuutembelea Mji wa Njia Panda kwa Siku Mbili

Malori ya Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, hupita Tororo, mji wa mashariki mwa Uganda, usiku na mchana, na abiria wengi wa basi la Kampala huujua mji huu kwa kitu kimoja tu: jabali refu linalochomoza ghafla dirishani kama jino. Wanalitazama, wanalipiga picha kupitia kioo chenye vumbi, wanarudi kusinzia. Tororo inastahili kushukiwa. Siku mbili zinatosha kuuona mji wenyewe, na ya tatu ukiwa nayo utaitumia kwenye njia ya Mbale.

Wageni wanaoshuka hukimbilia jabali kwanza. Tunashauri uanze na reli. Mji ulipangwa kuanzia stesheni kwenda nje, na mtu aliyekwisha kuona reli zinavyogawanyika chini, akipanda juu siku ya pili anausoma mji mzima kama karatasi iliyotandazwa. Aliyeanza na jabali huona mabati tu.

Historia ya kukuwezesha kuelewa unachokiona

Reli ya Uganda ilianza kutandikwa Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani Kisumu Desemba 1901. Hapa pana jambo ambalo wengi hulipindua. Husemwa kwamba ile reli iliitwa ya Uganda ilhali haikuwahi kufika Uganda. Ilifika. Kisumu ya 1901 ilikuwa ndani ya Uganda, katika mkoa wake wa mashariki. Mkoa huo ulihamishiwa upande ambao leo ni Kenya Aprili 1902, miezi michache tu baada ya reli kufika ziwani. Mpaka ndio uliosogea, na Uganda ikabaki na jina bila chuma. Kwa miaka mingi mizigo yake ilipakiwa melini Kisumu na kuvushwa ziwa.

Reli ya kwanza kujengwa ndani ya mipaka ya leo ilikuwa ya Busoga, kutoka Jinja hadi Namasagali, iliyofunguliwa 1912 kwa ajili ya pamba. Haikugusa Tororo. Zamu ya Tororo ilikuja miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ilipoamua kuachana na safari ya meli na kuleta njia ya nchi kavu kutoka Nakuru. Njia hiyo hupanda hadi Timboroa, karibu mita 2,785 juu ya bahari, kisha hushuka kupitia Eldoret hadi mto Malaba na kuingia Tororo, ambako kimo ni kama mita 1,200. Mwaka 1928 ikaungana na reli ya Busoga pale Mbulamuti. Mwaka 1931 daraja la Nile likafunguliwa Jinja, na treni ya Mombasa ikafika Kampala.

Kilichoipa Tororo uzito ni mwaka 1929. Mwaka huo likafunguliwa tawi la kaskazini, kupitia Mbale hadi Soroti, kwenye pamba ya Bugisu na Teso. Kituo cha kupita kikageuka njia panda. Miaka ya 1960 tawi hilo likaendelezwa hadi Lira, Gulu na mwishowe Pakwach, ng'ambo ya Nile, mwaka 1964. Kila gunia lililotoka upande huo kwenda baharini lilipitia hapa, likasubiri hapa, na mabehewa yakapangwa upya hapa. Kupanga mabehewa kunahitaji watu, watu wanahitaji nyumba, maduka, shule na hospitali. Huo ndio mji.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kikaongezeka kiwanda cha saruji, kwa kuwa vilima vya hapa vina chokaa iliyotokana na volkano ya kale, na vilima vya Sukulu jirani vina fosfeti. Reli ilikuwa tayari imepita mlangoni. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, shirika la reli la pamoja likagawanywa na Uganda ikaanzisha lake. Treni za abiria zilikoma kufika Tororo miaka ya 1990. Za mizigo bado zinapita kati ya Malaba na Kampala, kwa hiyo reli utakayoiona ni hai. Kumbuka hilo kila unapoisogelea.

Kufika

Kutoka Kampala ni kama kilomita 230. Kwa taksi ya abiria kumi na wanne au basi, hesabu saa nne hadi tano, na ongeza moja ukisafiri Ijumaa jioni, kwa sababu ya foleni ya Mukono na malori yanayopandana barabarani baada ya Jinja. Mwambie kondakta mapema kwamba unashuka Tororo mjini. Mabasi ya Nairobi hayapendi kuingia mjini, hukuacha barabara kuu, na hapo utahitaji boda. Si tatizo mchana. Usiku, kubaliana bei kabla hujapanda, na mtaje mwendesha boda jina la hoteli badala ya kusema tu "mjini".

Anayetoka Kenya huvuka Malaba, ambako wakaguzi wa nchi zote mbili hukaa pamoja, hivyo unagongwa muhuri upande mmoja tu. Raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanavuka kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania abebe pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Cheti cha homa ya manjano huombwa, na hapa ndipo wengi hukwama: chanjo huanza kutambuliwa siku kumi baada ya kuchomwa, kwa hiyo cheti cha juzi hakikusaidii. Shilingi badilisha kwenye ofisi ya kubadilisha fedha, hata kama foleni ni ndefu. Wale vijana wenye bunda mkononi huhesabu kwa haraka mno, na noti ikishakunjwa katikati huhesabiwa mara mbili.

Mpakani usipige picha za majengo wala daraja. Ukimtaka askari ruhusa, muite afande, eleza unachotaka kupiga, na ukikataliwa shusha simu bila kubishana.

Mchana wa kwanza: stesheni na njia panda

Ukifika stesheni, nenda moja kwa moja ofisini kabla ya kuzunguka. Salamu kwanza, kisha shida. "Habari za kazi, mzee. Tumekuja kuutazama mji, tunaomba kuona stesheni na kupiga picha kidogo" hufungua mlango ambao kamera iliyoning'inia shingoni huufunga. Eneo la reli ni la shirika, na anayekamatwa akizurura kwenye njia bila ruhusa ana kosa, hata kama mbuzi na wanafunzi wanapita hapo kila siku.

Ukisharuhusiwa, simama ukumbini uitazame njia bila haraka. Stesheni za zamani za Afrika Mashariki zilipewa mahitaji yale yale: paa lililotokeza mbele kukinga mvua, dirisha la tiketi lililowekwa chini kidogo, ofisi ya mkuu wa stesheni iliyo na mwonekano wa pande zote mbili, na upande wa pili ghala la mizigo lenye jukwaa la usawa wa sakafu ya behewa. Hilo jukwaa litazame hasa. Kimo chake kipo ili gunia liburutwe kuingia behewani bila kunyanyuliwa, na ukingo wa saruji hupukutika pale ambapo mizigo iliburutwa sana.

Halafu reli yenyewe. Chukua futi ya kupimia, ile ya fundi seremala, mita mbili zinatosha. Nenda kwenye kivuko cha barabara, mahali ambapo watu wanaruhusiwa kuvuka, sikiliza, tazama pande zote mbili, kisha pima umbali kati ya reli mbili. Jibu sahihi ni milimita 1,000 kamili, yaani mita moja, na kwenye kona huachwa ongezeko la milimita chache ili magurudumu yazunguke bila kukwaruza. Pima kutoka uso wa ndani wa reli moja hadi uso wa ndani wa nyingine, kidogo chini ya kichwa cha juu. Kosa la kawaida ni kupima katikati hadi katikati. Kichwa cha reli kina upana wa milimita 60 na ushee, kwa hiyo utapata kama 1,065, kisha utaondoka ukiamini umeona reli ya aina ya TAZARA, ambayo ni milimita 1,067. Tofauti hiyo si ya kupuuza: behewa la TAZARA haliwezi kutembea hapa hata hatua moja, wakati la Dar es Salaam kwenda Kigoma kwa njia ya kati ya zamani linalingana na hili la Tororo.

Tazama pia ubavu wa reli, kwenye ile sehemu nyembamba kati ya kichwa na kitako. Chuma kilipokuwa bado chekundu kiwandani, kilipigwa chapa za herufi zilizotuna: jina la kiwanda, mwaka, na uzito. Uzito wa reli za zamani uliandikwa kwa ratili kwa yadi. Gawanya kwa mbili upate kilo kwa mita, utakuwa umekosea kidogo sana. Reli ya ratili 50 ni kama kilo 25 kwa mita, ndiyo nyepesi iliyotumika kwenye matawi. Ya ratili 80 ni kama kilo 40, ya njia kuu. Ukiona chapa mbili tofauti umbali wa hatua kumi, ujue hapo palikarabatiwa kwa vipande vilivyong'olewa pengine. Chapa isiyosomeka kwa kutu isuguliwe kwa jani bichi au kitambaa chenye maji, kisha uimulike kwa tochi kutoka pembeni. Mwanga wa ubavuni huinua herufi, wa mbele huzifuta.

Chini ya reli kuna mataruma, vile vipande vilivyolazwa kukingama ili kuzibeba reli mbili. Mengi ya njia hizi ni ya chuma kilichokunjwa, kama hori lililofunikwa, na ukiligonga moja lisilo na kokoto za kutosha chini yake hulia kama debe. Chuma kilichaguliwa kwa sababu ya mchwa, maana taruma la mti wa kawaida huliwa kutoka ndani na halionyeshi dalili mpaka lizame. Adui wa taruma la chuma ni maji yaliyotuama. Pale kokoto zilipochanganyika na udongo na nyasi zikaota, maji hayatoki, kutu hula kingo, vibanio vinalegea, na reli mbili zinaanza kuachana. Treni hulazimika kupita hapo polepole. Ukiona sehemu ya njia imejaa majani kuliko jirani zake, umeona ugonjwa wake.

Kutoka stesheni, omba uonyeshwe mahali tawi la Mbale linapoachana na njia kuu. Simama nje ya uzio au kivukoni na utazame zile ndimi mbili za chuma zilizochongwa ncha, zinazosogezwa pamoja ili gurudumu lielekezwe kushoto au kulia. Usiweke mguu kati ya ulimi na reli kwa sababu yoyote ile. Ukarabati wa njia ya Tororo hadi Gulu, kilomita 375, ulianza miaka hii ya 2020, kwa hiyo unaweza kukuta mitambo, marundo ya kokoto na mafundi. Wapishe, wana kazi.

Zipo pia habari za reli mpya ya upana wa kimataifa, milimita 1,435, kutoka Malaba hadi Kampala, kilomita 272, ambayo mkataba wake ulisainiwa Oktoba 2024. Anayetaka kuiona reli ya mita moja ikiwa bado ndiyo inayobeba mzigo wa nchi, wakati wake ni sasa.

Jioni ya kwanza: kota na barabara ya maduka

Ukitoka stesheni tembea kwa mguu, ukiwa na mwenyeji ikiwezekana, mpaka zilipo kota za wafanyakazi wa reli. Katika miji ya reli wakoloni walipanga watu kwa madaraja matatu, na mpango huo bado unasomeka ardhini. Nyumba za maofisa Wazungu zilikaa juu, mbali na moshi, kila moja na bustani. Za makarani na mafundi Wahindi zilikaa katikati. Za wafanyakazi Waafrika zilikuwa safu ndefu za chumba kimoja kimoja karibu na njia, bomba moja na vyoo vya pamoja mwishoni mwa safu. Watu wanaishi humo mpaka leo, kwa hiyo usielekeze kamera mlangoni mwa mtu. Bisha hodi, omba, na mama wa nyumba akikaribisha kaa uongee. Wazee wa reli wanazungumza Kiswahili cha kazi, na maneno ambayo mtu wa Kampala hayajui, kama taruma na gadi (msimamizi wa treni), hapa ni ya kila siku.

Barabara ya maduka ya zamani inafuata desturi ya miji yote ya mashariki mwa Uganda: duka chini, familia juu au nyuma, baraza ya nguzo mbele ili mteja asinyeshewe. Inua macho juu ya mabango ya simu na rangi za matangazo. Kwenye kipaji cha jengo mara nyingi kuna mwaka wa ujenzi na jina au herufi za mwenyewe zilizochorwa kwa saruji. Andika miaka unayoikuta kwenye daftari. Itajipanga yenyewe kuizunguka 1929 na miaka iliyofuata, kisha itakatika. Agosti 1972 serikali ya Idi Amin iliwapa Waasia siku 90 kuondoka, na majengo haya yakabadilika mikono. Baadhi yalirudishwa kwa wenyewe miaka ya 1990. Ukiongea na wenye maduka kuhusu habari hiyo, sikiliza zaidi ya kuuliza. Umiliki bado ni kidonda kwa familia nyingi.

Chakula cha jioni kisiwe chipsi. Tororo ni nchi ya Wajopadhola na Waiteso, na meza yao ni atapa, ugali wa wimbi uliochanganywa na unga wa muhogo, mzito, mweusi kidogo, wenye uchachu kwa mbali. Huliwa na majani ya kunde yaliyopikwa na karanga za kusaga. Atapa haitafunwi sana. Kata tonge dogo, lizungushe, libonyeze kidole gumba, chota mchuzi, meza. Anayekata tonge la ukubwa wa ugali wa mahindi atashiba kabla sahani haijafika nusu. Ajono, pombe ya wimbi, hunywewa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja, huku maji ya moto yakiongezwa kidogo kidogo. Mrija una kichujio cha kusuka kwenye ncha yake. Usiukoroge wala kuuchomoa ovyo, kichujio kitaziba kwa makapi. Ukikaribishwa kukaa kwenye duara, kaa mahali ulipoonyeshwa na usipite juu ya mirija ya wenzako, zunguka.

Asubuhi ya pili: Mwamba wa Tororo

Wenyeji huuita Roki tu. Kilele chake kiko mita 1,483 juu ya bahari, yaani chini kidogo ya mita 300 juu ya mji. Ni koo la volkano ya kale: lava iliganda ndani ya bomba lake, kisha ule mlima uliolizunguka ukamomonyoka kwa mamilioni ya miaka, kikabaki kizibo. Ndiyo maana hauna miteremko ya kuuzoea polepole. Unatoka tambarare na kukutana na ukuta.

Jambo la kwanza ni saa, na hapa hatuna mzaha. Tororo ni miongoni mwa mahali penye radi nyingi kuliko kote duniani. Vipimo vya miaka ya 1967 hadi 1976 vilitoa wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka. Hewa yenye unyevu wa Ziwa Victoria husukumwa nchi kavu mchana, inapata joto, inakutana na hewa ya upande wa Mlima Elgon, inapanda, na alasiri inavunjika. Jabali lililo peke yake katikati ya tambarare, lenye ngazi za chuma na minara ya mawasiliano juu, ni mahali pabaya mno pa kusimama wakati huo. Kwa hiyo anza kupanda saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mara tu unapoona unapokanyaga, na uwe umerudi chini kabla ya saa tano. Ukiambiwa na yeyote kwamba jua la kuzama ni zuri zaidi kule juu, mshukuru na ubaki chini.

Ruhusa na mwongozo vitafute jana yake. Uliza hotelini kwako nani anasimamia njia kwa sasa na ada ni kiasi gani, lipa mahali panapotoa risiti, na kubaliana na mwongozaji bei ya kundi zima, si ya kichwa kimoja kimoja inayoongezeka mkiwa njiani. Usipande peke yako. Mtu akiteguka kifundo kati ya ngazi mbili, anahitaji mwenzake wa kushuka kuita msaada.

Beba lita moja na nusu ya maji kwa kila mtu, ndizi au chapati, kofia, na mfuko wa mgongoni wenye kamba mbili. Mfuko wa bega moja huteleza mbele ukiwa kwenye ngazi na kukuvuta. Viatu viwe vya soli ya mpira yenye meno. Kandambili na viatu vya soli laini ndivyo vinavyoangusha watu, hasa wakati wa kushuka. Glovu za bustani za bei ndogo zinafaa sana, kwa kuwa vyuma hupata kutu na vipande vya kutu huingia viganjani.

Njia huanza kwa kichaka na mawe, kisha huja sehemu za mwinuko mkali zilizofungwa ngazi za chuma. Kabla ya kuweka uzito, shika nguzo ya ngazi uitikise. Ikicheza kwenye jiwe, mwambie mwongozaji kabla hujapanda. Anapanda mtu mmoja kwa ngazi moja, mwingine husubiri pembeni, asisimame chini yake, maana kijiwe kilichoteguliwa na kiatu kinashuka kwa kasi. Wakati wote viungo vitatu vishike: mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja. Simu ibaki mfukoni. Kushuka, geuza uso kwenye ngazi kama ulivyopanda. Wengi hushuka wakitazama mji, kisigino kinanasa, wanatangulia mikono.

Mtu mwenye afya ya kawaida hufika juu kwa dakika 45 hadi saa moja na robo. Mvua ikiwa imenyesha usiku, subiri jiwe likauke, au ahirisha. Utando wa kijani kwenye mwamba uliolowa huteleza kama sabuni.

Juu, jipe nusu saa. Geukia mji kwanza, utafute stesheni. Utaona uzi mmoja ukiingia kutoka mashariki, Malaba, ukipita mjini, kisha ukipasuka: mmoja magharibi kwenda Nagongera na Busembatia, mwingine kaskazini kuelekea Mbale. Ukifuata wa kaskazini kwa macho, siku ya anga safi utaona Elgon, mpana kiasi kwamba wengine huudhani ni wingu. Upande mwingine kuna vilima vya Sukulu na vumbi jeupe la saruji. Maduka uliyoyatembelea jana yako kati ya stesheni na jabali, kwa mistari iliyonyooka, na sasa unaona kwa nini barabara fulani zina mshazari: zinafuata reli, hazifuati kaskazini ya ramani.

Ukisikia ngurumo ukiwa juu, usisubiri uone. Hesabu sekunde kati ya mmweko na ngurumo, gawanya kwa tatu, hizo ndizo kilomita. Zikiwa sekunde 30 au pungufu, tayari uko ndani ya hatari, shuka. Radi ikikukuta kati ya ngazi, jitenge na chuma, mchuchumae kila mmoja mbali na mwenzake, msijibane pangoni wala chini ya mti.

Malazi na mbu

Hoteli zipo za kila mfuko, na vyumba vya bei ndogo karibu na kituo cha taksi vina kelele za malori mpaka alfajiri. Lipia zaidi kidogo upande wa jabali. Kabla ya kulipa, fungua neti kitandani uitazame dhidi ya mwanga. Wilaya ya Tororo ina malaria kali sana, na Nagongera imekuwa kituo cha utafiti wa ugonjwa huo kwa miaka mingi kwa sababu hiyo. Neti yenye tundu omba ibadilishwe, funika miguu kuanzia saa kumi na mbili jioni, na mgeni kutoka nyanda za baridi azungumze na daktari kuhusu dawa za kinga kabla ya safari. Homa yoyote ndani ya wiki chache baada ya kurudi nyumbani ipimwe siku hiyo hiyo, na umwambie mhudumu kwamba ulikuwa Tororo.

Miezi mizuri ni Desemba hadi Februari. Mvua ndefu huanza Machi hadi Mei, nyingine huja kuanzia Agosti hadi Novemba, na katika majira hayo panga siku moja ya akiba kwa ajili ya jabali.

Ukiwa na siku ya tatu

Fuata tawi la kaskazini kwa barabara. Mbale iko kilomita 45 hivi, na barabara inaenda sambamba na reli kwa sehemu kubwa. Kaa dirisha la upande wa reli, ambao dereva atakuambia, na uhesabu vivuko. Ukiendelea hadi Kumi, teremka utafute usafiri wa Nyero, ambako kwenye miamba kuna michoro ya kale ya rangi nyekundu, miduara ndani ya miduara, na maumbo yanayofanana na mitumbwi. Usiiguse wala kuimwagia maji ili ing'ae pichani, maana jasho na maji huibandua.

Anayerudi Kampala ashuke Jinja. Katika stesheni ya zamani pale lilifunguliwa jumba la makumbusho ya reli mwaka 2022. Nenda nalo daftari lako la chapa za reli na miaka ya maduka. Fika kabla ya saa tisa mchana upate muda wa kuuliza maswali.